Kikombe cha Msafiri

Mtu akirudi kutoka alikokwenda, hupokewa kwa chakula na maswali. Lakini mtu anayerudi kutoka mahali ambapo hakufika, huyo hupokewaje? Hilo ndilo lililomsumbua Rimma tangu asubuhi. Alisimama jikoni kwa mama yake na kikombe cha mchumba wake Gleb mkononi, hajui akioshe au akirudishe dirishani.

Kilikuwa kikombe cha buluu chenye ufa mdogo kwenye mkono wake. Gleb alikinywea chai siku ile alipoondoka kwenda uwanja wa roketi, na chai aliyoibakiza ilikuwa imekauka ikawa doa jeusi. Nyumba ya Mama Klavdia ilikuwa na miiko yake, na mmojawapo ulikuwa huu: kikombe cha msafiri hakioshwi mpaka zije habari kwamba amefika. Sasa Gleb hakufika. Roketi iliruka juzi na watu wengine ndani yake, redio ikataja majina yao, nchi nzima ikashangilia, na Gleb yuko njiani anarudi na sanduku lake lilelile.

"Kirudishe hapo," mama yake alimwambia bila kugeuka kutoka kwenye sufuria ya supu ya kabichi. "Kikombe hakina kosa lolote."

Mama Klavdia alikuwa mjane wa rubani. Marehemu mumewe alikuwa akirusha ndege mpya za jeshi, zile ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzirusha, ili ajue zitamfia wapi kabla hazijawafia wengine. Siku moja ya Machi akajua. Tangu hapo mama huyu alipomwona kijana wa sare ya anga akimtazama binti yake, alikuwa akifunga mlango. Gleb Saveliev alifunguliwa kwa shingo upande, tena kwa sharti: aache kazi ya kujaribu ndege. Na kweli aliacha. Aliacha ndege akaingia kwenye roketi. "Nilimwambia ashuke mtini," Mama Klavdia alikuwa akiwasimulia majirani, "mwenzangu akapanda juu ya paa."

Rimma alirudisha kikombe dirishani, kule ukumbini. Nje theluji ilikuwa imefunika misonobari, na kwenye njia ya kutoka getini hakukuwa na mtu. Mkoba wake mdogo ulikuwa tayari ukumbini, karibu na rafu ya viatu. Aliufunga alfajiri. Ndani aliweka gauni moja la sufu, kitambaa cha kichwa kwa ajili ya kumpa mama yake Gleb, na viatu vya ndani. Moyoni alikuwa amekata shauri: leo leo, wakishakula, atamwambia Gleb wapande treni waende Rybinsk kwa mama yake, wakaseme wanaoana. Basi. Mambo ya kungoja yalikuwa yamemfika hapa.

Kwa sababu jamani, walikuwa wamengoja. Rimma alikuwa daktari wa meno katika kliniki ya mji ule mdogo wa wanaanga, na Gleb alimjia mara ya kwanza akiwa bado rubani wa majaribio, ametoka kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege inayowaka, meno mawili yamevunjika. Aliposhika mikono ya kiti, vidole vilikuwa vyeupe. Akauliza kama itauma. Rimma alicheka, akamkumbusha ametoka wapi. "Kule usukani nilikuwa nimeshika mimi," Gleb akamjibu kwa mdomo uliovimba, na kwa jibu hilo Rimma akapotea moja kwa moja.

Tangu siku ile ilipita miaka minane. Mara chombo hakijawa tayari. Mara kiongozi wake ameugua. Mara tatu alipangwa wa akiba, akavaa nguo za anga, akawasindikiza wenzake hadi mlangoni mwa roketi, akarudi nyumbani kula viazi. Na marubani wa majaribio wana mwiko wao, tena wanaushika kuliko dini: kabla ya safari kubwa huanzi jambo usiloweza kulimaliza. Hunyoi ndevu asubuhi ya kuruka, hupigwi picha, wala huoi. "Nikirudi, tunaoana," Gleb alikuwa akisema, na kila mwaka maneno hayo yalikuwa yaleyale ila paji la uso la aliyeyasema lilizidi kupanda juu, nywele zikipungua.

Kengele ya mlango ililia.

Gleb alikuwa amesimama kizingitini na theluji mabegani. Amekonda. Macho yake ya kijivu yalimtazama Rimma mara moja tu, kisha yakakimbilia kwenye kofia aliyoishika mkononi. Rimma, ambaye usiku kucha alikuwa akipanga atakavyomkumbatia, alijikuta amesimama tu na mikono imening'inia. Alimpenda vibaya sana mtu huyu, na alitamani kumpiga.

"Ingia, baba, unatuingizia baridi," Mama Klavdia aliita kutoka jikoni. "Sapatu zako za ndani ziko palepale."

"Sikai sana, Mama Klavdia."

Alivua buti, maana hata mwanaanga hapiti na buti kwenye sakafu ya mama huyu, lakini sapatu hakuvaa na koti hakulivua. Alikwenda mezani na soksi, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeingia kuuliza njia. Mama Klavdia akamtazama, akamwekea supu, akamwekea mikate iliyojazwa kabichi na sahani ya matango ya chumvi, na mwisho akashindwa kujizuia.

"Umewahi kurudi. Huko juu walikunyima kiti?"

"Mama," Rimma akasema.

"Nimeuliza tu. Na nilimwambia siku ile. Alitoka, akarudi kuchukua glavu zake. Nikamwambia, ukirudi mlangoni jitazame kwenye kioo kabla ya kutoka tena. Yeye akacheka. Haya, tucheke sasa."

Gleb hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba glavu hazikuhusika. Akaeleza mambo ambayo wote watatu walikuwa wakiyajua, kwa namna ya mtu anayesoma taarifa: kwamba yeye na Tolya Zharkov, mhandisi wake, walikuwa wamefundishwa pamoja, kwamba siku tatu kabla ya kuruka Tolya alipigwa picha ya taya, ikaonekana usaha chini ya jino, na kwamba kanuni ni kanuni, hawamtoi mmoja wakamtia mwingine. Mmoja akianguka, wanaanguka wote wawili, wanapanda wa akiba. Alipotamka neno hilo, akiba, mdomo ulimpinda.

Mama Klavdia alikuwa na ulimi mkali lakini hakuwa na roho mbaya. Akamsogezea sahani ya matango, akamwambia ale, kwamba chakula hakikumkosea. Kisha akachukua sufuria akaingia nayo jikoni, na mlango akauacha nusu wazi, kama afanyavyo mama yeyote anayetaka kusikia.

Rimma aliketi mbele yake. Alijua dakika zinapita na kwamba akingoja zaidi ataogopa.

"Gleb, twende Rybinsk," alisema. "Leo. Kuna treni ya saa kumi. Tukamwone mama yako, tumwambie. Mkoba wangu uko tayari."

"Leo?"

"Leo. Umerudi. Ulisema ukirudi tunaoana."

"Nilisema nikirudi kutoka kule." Alinyoosha kidole kuelekea dari. "Mimi nimerudi kutoka wapi, Rimma? Kutoka hotelini. Nimelala siku kumi na mbili kwenye kitanda cha hoteli, nikaotesha mti wangu kwenye ile njia ya miti wanayopanda wanaanga kabla ya kuruka, wakaupachika jina langu. Jana asubuhi nimepita pale nikauona umesimama na kibao chake. Mti wa mtu ambaye hakwenda popote."

"Mti hauna haraka. Sisi ndio tunazeeka."

"Nikuoe hivi nilivyo? Nikae kwenye meza ya harusi, wenzangu wainue glasi, kila mmoja ananihurumia? Hapana. Sitaki uolewe na mtu nusu."

"Kwani mimi nimechumbiwa na wewe au na roketi?"

Kule jikoni maji yaliyokuwa yakimwagika kwenye beseni yalikoma. Rimma aliona mshipa ukimpigapiga Gleb kwenye shavu, na akatambua kwamba kuna jambo jingine, kubwa kuliko aibu, ambalo mtu huyu alikuwa amekuja nalo tangu mlangoni. Ndiyo maana koti hakulivua. Alikuwa amekuja kuuliza na kuondoka.

"Tolya ameniambia kwenye ndege," Gleb akasema taratibu. "Hakuwa na kinyongo, aliniambia kama kitu cha kuchekesha. Eti jino halikuwa likimuuma hata kidogo. Eti kule wasingelitazama kabisa, ila kuna daktari wa huku, kabla hatujaondoka, aliwaambia walipige picha."

"Ni mimi," Rimma akasema.

"Najua ni wewe. Nilitaka kukusikia ukisema."

"Ufizi wake ulikuwa umeinuka kidogo. Kidogo sana. Nilipougusa hakusikia kitu. Lakini nimeona fizi za namna ile mara nyingi, siku moja jipu linalala, siku ya pili mtu anapandwa na homa anapayuka. Nikawaambia jopo la madaktari. Ndiyo kazi yangu, Gleb."

"Kazi yako." Alitikisa kichwa. "Nimerusha ndege zinazovuja mafuta. Nimetua na gurudumu moja. Miaka minane nimezungushwa kwenye zile mashine mpaka damu inanitoka puani, nimejifunza kila swichi kwa macho yaliyofungwa. Halafu ninaangushwa na ufizi. Tena si ufizi wangu. Na anayeniangusha ni mke wangu."

"Si mke wako. Hilo umelikataa dakika hii hii."

Gleb alisimama. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Ukumbi wa Mama Klavdia ulikuwa mdogo, na mwanamume mwenye koti zito aliujaza wote. Aliuliza kama ni Mama Klavdia aliyemtia maneno hayo. Rimma akasema hapana. Aliuliza kama alijua, siku ile anaaga, alipokuwa anakunywa chai kwenye kikombe hiki hapa, kwamba tayari ameshasema. Rimma akasema ndiyo, alijua. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika.

"Na hukuniambia! Ulinimiminia chai. Ulinitazama machoni!"

"Ningekwambia, ungeniomba nirudi kwao niseme nimekosea."

"Nisingekuomba."

"Gleb."

Gleb hakuwa mwongo. Ndiyo tabia mojawapo iliyomfanya Rimma ampende. Rubani wa majaribio akidanganya anaua watu.

"Ningekuomba," alikubali hatimaye. "Ningepiga magoti."

"Na mimi ningekubali," Rimma akasema. "Ungepiga magoti mara moja tu, ningekwenda kwao mbio, niseme sikuona vizuri, mwanga ulikuwa mbaya. Ningemwacha Tolya apande na jipu mdomoni, na wewe ukae naye huko juu kwenye kile chombo kisichokuwa na nafasi ya kugeuka. Kwa ajili yako ningefanya. Ndiyo maana sikukwambia."

Sasa machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. Alikuwa amechoka kuwa mwanamke anayejikaza. Akamwambia na lile alilokuwa ameliogopa zaidi, kwamba siku redio ilipotaja majina ya watu wengine, alijifungia chooni kliniki akalia kwa furaha. Alifurahi kwamba Gleb yuko ardhini. Kusema kwa jopo ilikuwa kazi, hilo hatubu, lakini ile furaha ilikuwa yake mwenyewe na anajua ilimkosea.

Kuna wakati macho yale ya kijivu yalilainika, na Rimma alidhani atavuka lile zulia dogo lililokuwa kati yao. Angevuka, mambo yangekuwa mengine. Lakini mtu aliyenyimwa kitu chake husikia jambo moja tu, na Gleb alisikia neno furaha.

"Mkuu ameniita," alisema. "Amenipa mambo mawili nichague. Nirudi kujaribu ndege, au nianze tena mwisho wa mstari wa kungoja roketi. Miaka miwili, labda mitatu."

"Umechagua lini?"

"Jana. Nimechagua mstari. Naondoka kesho, kuna mazoezi ya kukaa majini."

Kwa hiyo ameshachagua. Jana. Rimma alirudia neno hilo kichwani. Gleb alikuwa hajamuuliza. Wala haikumjia kwamba kuna mtu wa kuulizwa. Lililomuumiza zaidi ni kwamba Gleb alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Mimi nami kuna watu wameniita," Rimma akasema. "Hospitali ya Kazan, kuendesha kliniki nzima ya meno. Mwaka jana walinitaka nikakataa, kwa sababu ulikuwa karibu kuruka. Mwaka juzi pia. Wanataka jibu Jumatatu."

"Hujaniambia."

"Ulikuwa kwenye mashine, unazungushwa."

Gleb alichukua kofia yake. Alisema, bila kumtazama, kwamba wasiamue mambo wakiwa na hasira, kwamba atapiga simu, kwamba baada ya mazoezi watazungumza, na kwamba safari hii kwa kweli haitachelewa, mkuu ameahidi. Maneno yote hayo Rimma alikuwa akiyajua kwa mpangilio wake. Angeweza kumsaidia kuyamalizia.

Hapo Mama Klavdia akatokea jikoni na mikono iliyolowa. Macho yalikuwa mekundu, ya kitunguu au ya mengine.

"Hatoki mtu nyumbani kwangu kwa hasira bila kukaa," alisema. "Keti, Gleb. Keti, mwanangu. Tukae kama watu."

Hilo halikataliwi. Kabla ya safari wote wa nyumba huketi kimya, anayekwenda na wanaobaki, watulize roho. Halafu anayekwenda husimama wa kwanza. Ndivyo walivyofanya siku zote. Gleb aliketi juu ya sanduku lake, Mama Klavdia kwenye kiti, na Rimma kwenye benchi dogo la viatu, karibu na mkoba wake.

Walikaa. Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Rimma alitazama soksi za Gleb, moja imetoboka kidoleni. Aliwaza mara ngapi ameketi hapa akingoja mwanamume huyu avute pumzi, apige magoti yake kwa viganja, aseme haya, asimame. Alijua hata ile pumzi inavyoanza. Na alipoisikia inaanza, akasimama yeye.

"Wewe unakwenda wapi?" Mama Klavdia akashtuka. "Anayeondoka ni yeye."

"Naondoka mimi, mama. Kazan."

Alivaa buti. Alivaa koti, akajifunga kitambaa, akafunga vifungo kimoja kimoja. Mama yake alinyanyuka akamsaidia na kile cha juu, kisha akamshika uso kwa mikono yake iliyolowa. Labda alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kusimama wa kwanza, hata mara moja.

"Rimma," Gleb akaita. Bado ameketi juu ya sanduku. "Utarudi lini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minane swali hilo kutoka mdomoni mwa Gleb.

"Nikirudi, tutazungumza," Rimma akasema. Akauchukua mkoba ule alioufunga kwa ajili ya kwenda kuposwa rasmi, akatoka nao. Glavu zake zilibaki juu ya rafu. Alizikumbuka akiwa ngazini, lakini hakurudi.

Gleb alitazama mlango. Alitazama zile glavu ndogo za sufu, akazishika, akaziacha. Mtu aliyejua kila swichi kwa macho yaliyofungwa alikaa pale hajui mikono yake aiweke wapi.

"Mama Klavdia," alisema mwishowe. "Anayebaki hufanya nini?"

Mama Klavdia alikuwa akikusanya sahani. Supu ya Gleb ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Anaosha vyombo, baba," alimjibu. "Halafu anangoja."

Gleb aliinuka. Alivua koti akalitundika, akavaa sapatu, akapandisha mikono ya shati. Aliosha sahani zote na sufuria, polepole, kama mtu anayejifunza mtambo mpya. Alipofika kwenye kikombe cha Rimma, chenye chai nusu, alikifungulia maji, kisha akafunga bomba. Akakifuta kwa nje tu, akakipeleka dirishani, akakiweka kando ya kile cha buluu.